Mizani ya bei nafuu kwa sabuni ya nyumbani: jinsi ya kuichagua, kuijaribu na kuitumia

Wanaoanza kutengeneza sabuni za vipande nyumbani huniuliza yale yale. Ninunue mizani gani? Kwa nini isiwe ile ya jikoni niliyo nayo? Na ile ndogo ya mfukoni, kama za masonara, si ndiyo bora kwa kuwa ina desimali mbili? Hapa Tanga wanauliza wa Makorora, wanauliza wa Chumbageni, na akina mama wa Pangani wanaokamua mafuta yao ya nazi wenyewe nao wanauliza. Nimeona niyaandike majibu mahali pamoja.

Jibu la haraka ni hili: usianze na bei, wala usianze na desimali. Anza na kitu kidogo kabisa utakachokipima, maana hicho ndicho kitakachoichagua mizani. Kwa watu wengi kitu hicho ni kostiki soda, ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, na wakati mwingine manukato. Ukikosea mafuta ya nazi kwa gramu 3 hakuna atakayejua. Ukikosea soda kwa gramu 3, ngozi ya mteja itajua.

Kabla hujatoka nyumbani

Beba au andaa hivi:

- Fomula yako, imeandikwa kwa gramu. Kama bado inasema "vikombe viwili vya mafuta na vijiko sita vya soda", iache kwanza. Chengachenga za soda na punje zake hazijazi kijiko kwa uzito mmoja.
- Chombo utakachopimia soda na chombo utakachopimia mafuta, au angalau ujue uzito wake.
- Betri mpya. Uliza kwanza mizani za dukani hutumia za aina gani, maana nyingi hutumia AAA mbili na nyingine kile kidonge cha CR2032.
- Sarafu sita za aina moja, safi, zisizo na kutu. Za shilingi 200 zinafaa.
- Pesa. Mimi hushauri mtu atenge kama elfu 50 kwa mizani mbili na jiwe moja la kupimia. Utashangaa kwa nini mbili, tutafika.

Hatua

1. Piga hesabu ya soda yako kabla ya kutazama mizani yoyote.

Kila mafuta yana kiasi chake cha soda. Kwa wastani, gramu moja ya mafuta ya nazi hutaka kostiki soda gramu 0.183, ya mawese 0.141, ya alizeti 0.134. Tuseme unatengeneza sabuni ya kilo moja ya mafuta: nazi gramu 600, mawese 300, alizeti 100. Nazi itataka 109.8, mawese 42.3, alizeti 13.4. Jumla ni gramu 165.5. Hapo unapunguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki bila kuliwa na soda, sabuni isikaushe ngozi. Unabaki na gramu 157.2.

Tazama hiyo akiba, yaani soda uliyoipunguza: ni gramu 8 na kitu. Mizani ikikudanganya gramu moja au mbili, akiba inapungua lakini sabuni bado ni salama.

Sasa mtu huyohuyo, kwa kuogopa hasara, anasema ngoja nijaribu kidogo kwanza, mafuta gramu 100 tu. Soda inakuwa gramu 15.7, na akiba yote ni gramu 0.8. Mizani ya jikoni inayohesabu gramu moja moja itamwonyesha 16 huku sahani ikiwa na 17, na sabuni inatoka kali, ukiigusisha ulimi inachoma. Ndiyo maana majaribio madogo huharibika kuliko mapishi makubwa, na mtu anaishia kulaumu mafuta au aliyemuuzia soda.

Wa Pangani wanaopika nazi tupu wana nafasi zaidi, kwa sababu sabuni ya nazi peke yake hukausha ngozi na kwa kawaida huachiwa akiba hadi asilimia 20. Kilo ya nazi hapo hutaka soda gramu 146.4 badala ya 183.

2. Tafuta herufi "d" kwenye mizani.

Kwenye boksi, au stika iliyo chini ya mizani, kuna maandishi kama "Max 500g d=0.1g". Max ni uzito wa juu inaoweza kubeba. Hiyo d ni hatua ndogo kabisa ambayo namba kwenye kioo inaweza kupanda.

Kanuni yangu ni nyepesi: kitu unachopima kiwe angalau mara 100 ya d. Mizani ya gramu 1 usipimie chochote kilicho chini ya gramu 100. Ya gramu 0.1, usishuke chini ya gramu 10. Ya 0.01, mwisho wako gramu 1. Ukizingatia hivyo, kosa la hatua moja linabaki ndani ya asilimia moja, na kwa sabuni hiyo inatosha.

Kwa hiyo desimali mbili huzihitaji, labda kama unachezea rangi za unga kwa vipimo vya kijiko cha chumvi. Desimali hazimaanishi ukweli. Mizani ya bei ya chini yaweza kukuandikia 20.37 kwa kujiamini kabisa, na mara ya pili kitu hichohicho kikawa 20.29.

3. Amua uwezo wa juu, na uhesabu chombo.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Ukibonyeza TARE kioo kinarudi sifuri, lakini chombo bado kimeilemea mizani. Mizani ya gramu 200 ikibeba jagi la gramu 120, umebakiwa na gramu 80, basi. Ukimwaga soda ya gramu 157 itaandika EEEE au O-Ld, na huo ndio wakati mbaya wa kugundua, soda ikiwa mkononi.

Sasa jibu la kwa nini mbili. Mizani moja yenye kubeba kilo 5 na kusoma kwa 0.1 kwa uaminifu ni ghali. Mizani mbili za kawaida ni nafuu kuliko hiyo moja:

- ya jikoni, kilo 5 kwa gramu 1, ya mafuta na maji;
- ya gramu 500 kwa 0.1, ya soda, manukato na rangi.

Kama mfuko unaruhusu moja tu kwa sasa, nunua hiyo ya gramu 500 na upime mafuta kwa mafungu. Inachosha, lakini ni salama kuliko kununua ya jikoni na kubahatisha soda.

4. Ikague kwa macho.

Sahani iwe ya stili au plastiki ngumu. Alumini hapana, kwa sababu kostiki soda huila alumini ikitoa mvuke na gesi ya haidrojeni. Sahani iwe pana kiasi kwamba jagi lako halifuniki kioo. Bonyeza vitufe: vya raba iliyofunikwa ni bora kuliko vyenye mianya, maana punje moja ya soda ikiingia humo na kunyonya unyevu, kitufe kimekwisha.

Kisha muulize muuzaji inajizima baada ya muda gani. Nyingine hujizima ndani ya dakika moja, nawe ukiwa katikati ya kumimina. Ukiwasha tena inaanza sifuri na chombo kikiwa juu yake, hujui tena umeweka kiasi gani.

5. Ijaribu palepale dukani.

Usione haya. "Kaka, naomba tuiwekee betri niijaribu kidogo" halimuudhi muuzaji yeyote wa Ngamiani, na akikataa kabisa, duka la pili halipo mbali. Weka mizani juu ya kaunta ya mbao au saruji, mbali na pangaboi. Kaunta ya kioo hutetemeka. Iwashe, iache kama dakika moja ipoe mawazo, kisha:

Weka sarafu moja katikati, soma, toa. Rudia mara kumi. Namba zipishane kwa hatua moja tu, si zaidi. Kila unapoitoa sarafu, kioo kirudi sifuri. Isiporudi, rudisha boksi.

Weka sarafu zote sita pamoja katikati, kisha zisogeze kwenye kila pembe ya sahani. Ikitofautiana zaidi ya hatua mbili, sahani au kile kichuma kinachopinda ndani kimekaa vibaya. Mizani yenye ugonjwa huu haitibiki kwa kitufe chochote.

Ongeza sarafu moja moja hadi sita. Kila moja iongeze karibu kiasi kilekile. Ikipanda vizuri mwanzo kisha ikaanza kulegea, iache.

Angalia: hapa hujajua bado kama mizani inasema kweli. Umejua tu kwamba haibadilishi kauli. Mizani inayokosea kila mara kwa kiasi kilekile inarekebishika, lakini inayoyumba hairekebishiki.

6. Ipatie mahali pake nyumbani.

Meza iliyotulia, isiyo karibu na friji wala spika. Izime feni unapopima. Kwa wanaokaa Raskazone na kote unakoingia upepo wa bahari, funga dirisha upande huo. Mizani ya 0.1 huuona upepo kabla yako. Simu nayo iweke mbali kidogo. Najua hesabu zako zimo humo, lakini simu ikitafuta mtandao pembeni ya mizani ya bei rahisi, namba zinaweza kuanza kucheza.

Kuna mgongano mmoja: kuchanganya soda na maji kunataka dirisha wazi na hewa, na kupima kunataka dirisha limefungwa. Basi pima ndani, kachanganyie uani. Usijaribu kufanya vyote kwenye meza moja.

7. Ilinganishe na jiwe la kweli.

Mizani hizi hazipimi uzani kama ile ya mikono miwili ya zamani. Zinapima jinsi kichuma kinavyokandamizwa, na mvutano wa dunia haulingani kila mahali. Iliyosawazishwa kusini mwa China ikifika Tanga, karibu na ikweta, huonyesha pungufu kama gramu 0.7 kwa kilo. Iliyosawazishwa Ulaya, karibu gramu 3 kwa kilo. Ukiongeza na safari ya kwenye meli na kutupwatupwa, kuisawazisha mara moja ni lazima.

Nunua jiwe la gramu 100 au 200. Daraja la usahihi la M1 linatosha kabisa: la gramu 100 haliruhusiwi kukosea zaidi ya miligramu 5. Usilishike kwa vidole vyenye mafuta, tumia kitambaa.

Kwenye mizani nyingi za mfukoni unashikilia kitufe cha UNIT au MODE mpaka kioo kiandike CAL, unabonyeza tena, kinamwekamweka namba kama 100 au 200 au 500, unaweka jiwe la uzito huohuo, unasubiri PASS. Soma namba kabla ya kuweka jiwe. Ukiweka la 100 wakati inadai 200, umeifundisha uongo na itausema uongo huo siku zote. Mizani nyingi za jikoni hazina CAL. Hizo pima jiwe, andika tofauti, bandika karatasi chini yake.

Watu hunijia na mbadala. Mfuko wa sukari wa kilo? Uzito ulioandikwa ni wa sukari bila mfuko, na viwandani kuna kupungua na kuzidi kidogo kunakoruhusiwa. Maji kwenye bomba la sindano? Mililita moja ni karibu gramu moja, kweli, lakini mistari ya bomba si sahihi kiasi hicho. Maji yanafaa kugundua kosa kubwa tu: ukimimina nusu lita na mizani ikasema 450, kuna tatizo. Kama jiwe huna, mwendee sonara unayefahamiana naye, umsalimie vizuri, umwombe akupimie sarafu zako sita kwenye mizani yake. Ziandike uzito, zitie kwenye bahasha, na zisirudi tena sokoni.

8. Weka sarafu moja ya ushahidi.

Baada ya kusawazisha, pima sarafu moja, andika namba kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kifuniko cha mizani. Kila siku ya kupika, kabla ya yote, ipime. Namba ikiwa ileile, endelea. Ikibadilika kwa zaidi ya hatua mbili, badili betri, isawazishe upya, ipime tena. Hii huchukua muda mfupi kuliko kuvaa glavu.

9. Sasa pima soda.

Vaa glavu na miwani ya kinga kwanza. Tandika nailoni ya kufungia chakula juu ya mizani, kioo kikiwa kinaonekana. Weka kikombe kikavu cha plastiki ngumu, bonyeza TARE, hakikisha kioo kinasoma 0.0 na alama ya "g" ipo. Mimina soda kwa kijiko cha stili au plastiki, polepole unapokaribia mwisho. Funga kopo la soda papo hapo.

Hilo la kufunga kopo si usafi tu. Kostiki soda hunyonya maji ya hewani, na hewa yetu ya pwani, hasa masika, imejaa maji. Soda iliyoachwa wazi hadi ikashikana mabonge ina maji ndani yake, na pia sehemu yake imeshageuka magadi kwa kukutana na hewa. Mizani yako itasema gramu 157 na itakuwa inasema kweli, ila si gramu 157 za kostiki. Sabuni itatoka laini, ina mafuta juu, na hakuna mizani duniani itakayokuokoa hapo.

Pima maji kwenye chombo kingine, mara mbili ya uzito wa soda ni kipimo kizuri cha kuanzia. Kisha soda ndiyo huingia kwenye maji, kidogo kidogo, ukikoroga. Kamwe usimimine maji juu ya soda: hupanda joto ghafla na kuruka usoni. Ikikugusa ngozi, suuza kwa maji mengi yanayotiririka. Siki kwenye ngozi achana nayo.

Makosa ninayoyaona sana

Kitufe cha UNIT kuguswa bila kujua ndicho kinachoongoza. Gramu zinageuka oz, na oz moja ni gramu 28.35. Au zinageuka gn, ambayo ni kama gramu 0.065. Na waliozoea tola za dhahabu wasidanganywe na alama ya tl: hiyo kwa kawaida ni kipimo cha Kichina cha zaidi ya gramu 37, wakati tola ni gramu 11.66.

Kosa la pili ni kudondosha manukato tone kwa tone kutoka sifuri. Mizani nyingi rahisi zimetengenezwa kupuuza mabadiliko madogo ya polepole, zikidhani ni vumbi au joto, na hujirudisha sifuri kimyakimya. Jaribu: weka kikombe, TARE, dondosha matone ishirini ya maji taratibu. Hiyo ni karibu gramu moja. Kama kioo bado ni 0.0, mizani inakula matone yako. Dawa yake ni kutobonyeza TARE: acha uzito wa kikombe uonekane, jumlisha kichwani, kisha dondoshea hadi ifike. Au inua kikombe na ukirudishe kila baada ya matone machache. Kwa mafuta ya karafuu hili lina uzito wake, kwa kuwa yakizidi huchoma ngozi, na hata yakiwa sawa huharakisha uji wa sabuni kuganda.

Tatu, kuhifadhi mizani huku kitu kikiwa juu yake. Kabati halina nafasi, najua. Hata hivyo, usiifanye kigoda cha makopo.

Ikigoma

*Namba hazitulii.* Feni, upepo, meza, simu, kwa mpangilio huo. Kisha betri. Kama kikombe ni cha plastiki na umekifuta kwa kitambaa kikavu, kina umeme tuli. Kifute kwa kitambaa chenye unyevu, kiache kikauke.

*Inaandika LO.* Betri. Badili zote mbili, usichanganye nzee na mpya.

*Inaandika EEEE au O-Ld bila kitu juu.* Iwapo ilibebeshwa kupita kiasi au ilianguka, kichuma cha ndani huenda kimepinda moja kwa moja. Angalia kwanza kama kuna kijiti au punje iliyokwama chini ya sahani. Kama hakuna, nunua nyingine.

*Inaandika UNST.* Inasema haijatulia. Iache dakika chache, hasa kama imetoka kwenye chumba cha kiyoyozi.

*Sifuri hairudi, inabaki 0.3 au -0.4.* Safisha chini ya sahani. Ikiendelea, isawazishe. Ikiendelea tena, ishushe cheo ipimie mafuta.

*Soda imemwagikia mizani.* Izime, toa betri, vaa glavu. Punje kavu zikung'ute kwanza, usianze na kitambaa cha maji kwa sababu utaziyeyusha ziingie ndani. Kisha futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, mara kadhaa, na ukiache kifaa kikauke siku nzima.

Ukianza kuuza kwa uzito

Yote haya ni ya mizani ya kupikia. Ukitaka kuuza sabuni kwa kupima mbele ya mteja, au kuandika gramu kwenye karatasi ya kufungia, mizani hiyo ni ya biashara na inapaswa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo, WMA, kila mwaka. Mizani nyingi za jikoni haziwezi kupata stika hiyo, na nyingine zimeandikwa wazi kwamba si za biashara. Ulizia WMA kabla ya kununua. Na uzito wa kuandika kwenye karatasi upime baada ya sabuni kukaa wiki 4 hadi 6, maji yakiwa yameshatoka. Kipande kilichokatwa jana ni kizito kuliko atakachokipata mteja wako.